Bahari Iliyokuwa Maziwa Matatu: Neno Bahari na Visawe Vyake katika Historia ya Eneo la Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya neno bahari na visawe vyake vya bara, yaani ziwa, nyanza na nyasa, tangu ramani ya Rebmann na Erhardt ya mwaka 1855 hadi mikataba ya kimataifa ya wakati huu. Yanadai kwamba kosa maarufu la ramani hiyo, la kuyaunganisha maziwa matatu kuwa bahari moja, halikutokana na ujinga wa watu wa misafara waliohojiwa, bali lilitokana na nomino ya jumla kuchukuliwa kuwa jina la mahali pamoja. Kosa la namna hiyo bado linawezekana. Leo linanyemelea katika istilahi ya bahari kuu, inayobeba maana zinazopingana ndani ya nyaraka za sera za kanda hii.

Ramani ya koa

Mwaka 1855 gazeti la wamisionari lililochapwa Calw, mji wa kusini mwa Ujerumani, lilitoa ramani ya sehemu ya Afrika Mashariki na ya Kati. Waliochora walikuwa Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, Wajerumani wawili waliofanya kazi ya kanisa Rabai, karibu na Mombasa. Katikati ya ramani palikuwa na maji mamoja makubwa yenye umbo la koa, yakianzia jirani na Ikweta na kushuka hadi karibu na nyuzi 14 za kusini. Maji hayo yalipewa jina la Uniamesi, yaani Unyamwezi. Mwaka 1856 ramani hiyo ilikuwa imekwisha kufika mikononi mwa wanajiografia wa Gotha na London. Wapo walioicheka. Hata hivyo, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtuma Richard Burton, akifuatana na John Speke, kwenda kuhakikisha kama bahari hiyo ipo.

Historia ya uvumbuzi, kama ilivyoandikwa Ulaya na kufundishwa shuleni katika nchi zetu kwa muda mrefu, hukitaja kisa hiki kama kichekesho. Wamisionari walikaa pwani, wakasikiliza hadithi za wapagazi, wakachora ndoto. Kisha wakaja watu wenye vipimo wakaona kweli. Masimulizi hayo yanaacha swali moja bila kuulizwa: wale waliohojiwa walisema nini hasa?

Mwaka 1854 Erhardt aliishi Tanga kwa miezi kadhaa akiwauliza wafanyabiashara wa pembe za ndovu habari za njia zao. Aliyoyasikia yalilingana. Waliotoka Kilwa kuelekea magharibi walisema kwamba mwisho wa safari yao ni maji makubwa. Waliopita njia ya kati hadi Ujiji walisema vivyo hivyo. Waliokata Umasai kutoka Tanga na Pangani nao walitaja maji yasiyoonekana ng'ambo. Shahidi baada ya shahidi alitumia neno lile lile. Erhardt na Rebmann walipoketi pamoja kuzipima habari hizo, waliona kwamba ushahidi uliolingana kiasi hicho haungeweza kuwa na maana nyingine ila moja: njia zote ziliishia kwenye ufuko wa bahari moja.

Kwa mantiki, hoja yao haikuwa dhaifu. Udhaifu ulikuwa katika neno.

Bahari, ziwa, nyanza

Bahari ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu chenyewe halikuwahi kufungwa kwenye maji ya chumvi. Misri na Sudani hulitumia kwa Mto Nile na matawi yake. Bahr al-Jabal na Bahr al-Ghazal ni mito, wala hakuna baharia wa Lamu au Unguja ambaye angeyaita maji hayo bahari kwa maana anayoijua yeye. Kiswahili kililipokea neno hilo kikalifanya kuwa jina la maji makubwa yaliyo mbele ya miji yake, huku kikilipa kazi nyingine. Washairi wana bahari zao, kwa maana ya aina za tungo, na mtu mwenye maarifa mengi huitwa bahari ya elimu. Katika matumizi yote hayo kinachotawala ni dhana ya upana usiopimika. Chumvi si sharti.

Ziwa, kwa upande wake, ni neno la Kibantu ambalo kwa watu wa pwani lilikuwa dogo. Ziwa lilikuwa dimbwi la kudumu, maji yaliyotuama, mahali pa kunyweshea mifugo au kuokota mayungiyungi. Mtu wa Bagamoyo aliyefika Ujiji akaona mawimbi yanayopindua mitumbwi, na milima ya upande wa pili ikipotea katika ukungu, hakuwa na sababu ya kuyaita maji yale kwa jina la dimbwi. Alisema bahari, akaongeza jina la mahali: bahari ya Ujiji. Tena matumizi yenyewe ya maji hayo yalimpa haki ya kusema hivyo. Mwezi Machi 1858 Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kwenda kuomba kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu. Maji yenye jahazi, kwa mtu wa pwani, yamekaribia sana kuwa bahari.

Wenyeji wa bara walikuwa na maneno yao, na humo ndimo historia hii inapozidi kuvutia. Shina moja la Kibantu limezaa nyanja, nyanza na nyasa katika eneo linaloanzia Uganda hadi Msumbiji, lakini maana hazikukaa mahali pamoja. Kwa Waganda ennyanja ni ziwa, nayo hutumika pia kwa bahari. Katika Kinyarwanda, inyanja ni bahari, na ziwa huitwa ikiyaga. Kwa wasemaji wa Kichewa nyanja ni ziwa, hata jina la Wanyanja halina maana zaidi ya watu wa ziwani. Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, wana nam, neno linalotosha kwa ziwa na kwa bahari. Kiswahili chenyewe kinalo neno nyanja, lakini leo msomaji hulikuta zaidi katika nyanja ya elimu au nyanja ya uchumi, mbali kabisa na maji.

Maneno yote haya ni nomino za jumla. Msemaji anayetaka kutaja maji fulani hana budi kuongeza kitu: Nam Lolwe kwa Wajaluo, Nalubaale kwa Waganda, bahari ya Ujiji kwa watu wa misafara. Wasemaji hawakuona haja ya kueleza kwamba bahari ya Ujiji si bahari ya Ukerewe, kama vile mtu wa leo asivyoona haja ya kueleza kwamba soko la Kariakoo si soko la Owino. Aliyesikiliza neno la kwanza akaacha la pili ndiye aliyepata soko moja.

Inafaa kutaja kwamba wasikilizaji wenyewe walitoka katika lugha zenye utata wa aina hiyo. Kijerumani kina neno moja, See, ambalo likiwa na jinsia ya kiume ni ziwa, na likiwa na jinsia ya kike ni bahari. Waholanzi wamegeuza: meer kwao ni ziwa na zee ni bahari, ilhali kwa Wajerumani Meer ni bahari. Kiingereza cha kale kiliita sæ maji ya aina zote mbili, ndiyo maana hata sasa Waingereza huita bahari maji yaliyozingirwa na nchi kavu pande zote, kama vile Kaspi, Arali na Bahari ya Chumvi. Mfano ulio wazi zaidi uko Uholanzi. Ghuba ya Zuiderzee ilipofungwa kwa boma kubwa mwaka 1932, maji ya ndani yalibadilishwa jina kuwa IJsselmeer. Mahali pale pale, boma likiisha kujengwa, bahari ikawa ziwa. Haiwezi kudaiwa kwamba lugha ya akina Rebmann peke yake ndiyo iliyozaa kosa la ramani. Inatosha kusema kwamba haikuwapa ulinzi wowote dhidi yake, na kwamba ramani ilipopita kutoka Kijerumani kuingia Kiingereza, ziwa la wamisionari lilizungumzwa kama bahari ya ndani bila mtu kushtuka.

Kazeh, Novemba 1857

Burton na Speke walifika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857. Huko walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Omani, ambaye mwaka 1852 alikuwa amefika Buganda katika utawala wa Kabaka Suna. Speke alimfungulia ramani ya koa. Snay hakuicheka, bali aliisahihisha kwa kutaja majina. Nyasa ni maji mengine, yako kusini. Ujiji ni maji mengine, yako magharibi. Ukerewe ni maji mengine tena, yako kaskazini, na ni makubwa kuliko ya Ujiji. Kwa mazungumzo ya kikao kimoja bahari ya Unyamwezi ikawa maziwa matatu.

Kisa hiki kimo katika maandishi ya wasafiri wenyewe, lakini uzito wake haujathaminiwa ipasavyo. Februari 1858 Burton na Speke walifika Ujiji. Agosti mwaka huo Speke akafika kusini mwa Ukerewe, akalipa ziwa jina la malkia wake. Septemba 1859 David Livingstone akafika Nyasa kutokea kusini. Hayo huitwa uvumbuzi. Hata hivyo, mgawanyo wa maji hayo matatu, mahali pake na ukubwa wake kwa kulinganishwa, vilikuwa vimekwisha kuelezwa Kazeh na mtu aliyekuwa na kipimo cha lugha tu, yaani mazoea ya kutosema bahari bila kusema ya wapi. Vipimo vya baadaye vimemthibitisha. Ukerewe, au Viktoria, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, likiwa zaidi ya mara mbili ya Tanganyika lenye kama 32,900. Nyasa lina kama 29,600.

Livingstone naye aliingia katika mtego uleule kwa mlango mwingine. Aliuliza jina la maji, akajibiwa kwamba ni nyasa, yaani ziwa, akaandika Ziwa Nyasa. Tangu hapo ramani zimekuwa zikisema Ziwa Ziwa. Speke alifanya vivyo hivyo alipoandika Victoria Nyanza, na Samuel Baker alimfuata mwaka 1864 kwa Albert Nyanza. Neno la jumla likawa kipande cha jina maalumu, na wenyeji wakasomeshwa jina hilo kama kitu kigeni.

Moja kuwa nyingi

Kosa la kwanza lilikuwa kuyafanya maji mengi kuwa mamoja. La pili lilikwenda kinyume. Speke aliporudi London mwaka 1863 akidai kwamba ziwa lake ndilo chanzo cha Nile, wapinzani wake, Burton akiwa mbele, walishika neno nyanza. Walisema kwamba neno hilo huweza kutajwa kwa maji ya kila namna, kwa hiyo Speke hakuwa na uhakika kwamba maji aliyoyaona kusini mwaka 1858 na yale aliyoyaona kaskazini mwaka 1862 ni mamoja. Burton aliligawa ziwa hilo kuwa maziwa kadhaa. Hoja ya lugha ilikuwa sahihi, na hitimisho lilikuwa potofu. Mwaka 1875 Henry Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua na kuonyesha kwamba ni moja.

Katika ugomvi huohuo palizuka bahari ambayo haikuwahi kuwapo. Jina la Baringo, ziwa dogo la Bonde la Ufa nchini Kenya, lilifika Ulaya kwa masikio ya watu waliozoea Kiswahili cha pwani, na Burton akaliandika Bahari-Ngo. Kwa kuligawa jina hivyo, ziwa lilipata ukubwa ambao maji yenyewe hayakuwa nao. Katika ramani za miaka ya 1860 Baringo lilichorwa likiwa kubwa kupita kiasi, tena likihusishwa na Nile. Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883 akakuta ziwa ambalo mtu huona ng'ambo yake bila taabu. Labda hakuna mfano mwingine katika historia ya kanda hii ambapo silabi zilizosikiwa vibaya ziliongeza maji mengi kiasi hicho.

Watafsiri wa Biblia walikabili tatizo hili kwa utulivu zaidi. Katika tafsiri ya Union Version, Mathayo ana bahari ya Galilaya na Luka ana ziwa la Genesareti, ingawa maji ni yaleyale, kwa sababu waandishi wa Kigiriki walitumia maneno mawili na watafsiri wakayaheshimu yote mawili. Tafsiri za karibuni zaidi zimeelekea kwenye ziwa katika sehemu zote. Mabadiliko hayo yana maana kwa mwanahistoria wa lugha. Yanaonyesha kwamba katika karne ya ishirini ziwa lilipanda cheo, likaacha kuwa dimbwi la mtu wa pwani na kuwa neno la kijiografia linaloweza kubeba Viktoria na Tanganyika. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na shule na vitabu vya jiografia, na iliambatana na kupungua kwa bahari kutoka upana kwenda kwenye chumvi. Msamiati wa kando ya maji haukufuata wote. Pwani, neno linalotokana na kupwa kwa maji, halikuweza kukaa vizuri kwenye maziwa ambako maji hayapwi kwa namna ya kuonekana. Mahali pake pamechukuliwa na ufukwe, na kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania ni mwalo, ambalo Waganda wanalo kama omwalo kwa maana hiyohiyo. Bandari imesafiri bila kizuizi: ipo Mombasa na ipo Bujumbura, Kigoma, Kalemie na Port Bell. Kwa sababu hiyo, wanaoziita Uganda, Rwanda na Burundi nchi zisizo na bandari wanakosea. Zinazokosa ni bahari.

Neno katika mikataba

Sheria ya kimataifa imelipa neno hili matokeo ambayo Erhardt hangeweza kuyawazia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unatawala bahari na hautawali maziwa. Mataifa matano yanayoizunguka Kaspi yalibishana kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti kama maji hayo ni bahari au ziwa, kwa sababu kila jibu lilikuwa na mgawanyo wake wa mafuta na gesi. Mkataba wa Aktau wa Agosti 2018 uliyapa hadhi ya pekee bila kuyafunga kikamilifu katika neno lolote kati ya hayo mawili.

Kwenye Maziwa Makuu mashaka hayo hayapo, na kila ziwa lina njia yake. Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na mwaka huohuo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikatia saini itifaki ya bonde la Ziwa Viktoria. Nyasa halina bahati hiyo. Tanzania na Malawi bado hazijaafikiana kama mpaka uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890 unapita ufukweni au katikati ya maji, na hata jina haliandikwi bila kuchagua upande. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika Ziwa Nyasa na yule anayeandika Ziwa Malawi wameshachora mstari kabla ya wanasheria.

Hatari kubwa zaidi ya istilahi, hata hivyo, iko kwenye bahari yenyewe. Vitabu vya jiografia hutumia bahari kuu kwa maji makubwa ya dunia, kama Hindi na Atlantiki. Tanzania ina Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo inasimamia uvuvi katika ukanda wa kiuchumi wa nchi, yaani maji ambayo nchi ina haki nayo kisheria. Wakati huohuo, watafsiri na watangazaji huita Mkataba wa Bahari Kuu ule uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Juni 2023 kuhusu viumbe hai vya maji yaliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Kwa hiyo, katika kabati moja la nyaraka, bahari kuu ni maji yaliyo ndani ya haki ya nchi na pia maji yaliyo nje ya haki hiyo. Mshauri wa sera anayesoma kwa Kiswahili kwamba uvuvi wa bahari kuu utawekewa masharti ya kimataifa anaweza kuelewa kwamba nchi yake inapoteza kitu chake, au asielewe kwamba kuna jambo linalomhusu. Nchi zisizo na bahari zinaathirika pia, maana Sheria ya Bahari inazipa haki katika maji ya aina ya pili ambazo hazina katika ukanda wa kiuchumi wa jirani bila mapatano naye.

Jambo hili lilipata uharaka mpya tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoamua mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, na tangu Kongo, yenye pwani fupi ya Atlantiki huko Muanda, na Somalia, yenye pwani ndefu kuliko zote za Afrika bara, zilipojiunga. Nyaraka za uvuvi, za usafiri wa majini na za uchumi wa buluu, ambao katika sera za Afrika unahesabu pia maziwa na mito, zitahitaji kuandikwa kwa Kiswahili na kusomwa Goma, Kampala, Mogadishu na Zanzibar.

Kubuni neno jipya kwa kila dhana ni njia moja, nayo ina watetezi katika mabaraza ya lugha. Ina gharama yake, kwa kuwa bahari kuu imekwisha kuingia katika jina la taasisi, katika sheria na katika vinywa vya wavuvi. Njia iliyo karibu zaidi ni ile iliyotumika Kazeh: kuliacha neno lilivyo, lakini kutolitaja bila kikomo chake. Bahari kuu ndani ya ukanda wa kiuchumi. Bahari kuu nje ya mamlaka ya nchi. Nyongeza hiyo ni ya maneno machache, na katika mswada wa sheria mahali pake ni kifungu cha tafsiri ya maneno, ambacho kwa desturi hutangulia vifungu vingine vyote vya utekelezaji.